Kadi ya benki ndani ya kopo la biskuti

Simu ilikuwa inachajiwa kwa jirani mwenye paneli ya sola, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, tangu juzi yake. Mwenye simu alikuwa darasani. Aliyepita kuichukua ni mume wake, akitoka atelie ambako naye hakuwa na la kufanya, maana fundi wa kuchomelea vyuma asipokuwa na umeme ni mtu wa kukaa kwenye benchi na kupiga soga. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 24 Oktoba 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi. Simu ikalia mkononi mwake. Ujumbe wa benki: franka 390,000 zimetolewa kwenye mashine, mjini, muda huo huo.

Huo ulikuwa mshahara wote wa mke wake. Na mke wake kwa saa ile alikuwa mbele ya watoto 87 wa darasa la nne, hatua chache kutoka pale. Mwanaume akatembea hadi ukuta wa shule, akachungulia, akamwona ubaoni na chaki mkononi. Akarudi atelie. Hakusema neno siku ile, wala wiki ile, wala wiki iliyofuata.

Mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, ndio tuliosimamia ndoa yao, kwa hiyo kisa hiki kiliishia sebuleni kwetu. Wenyewe wamekubali nikiandike, bila majina. Mtaani mke anaitwa Mama Mapasa na mume Baba Mapasa, kwa ajili ya pacha wao, na majina hayo yanatosha: Lubumbashi ina mapasa wengi. Mimi nilifundisha, kisha nikaongoza shule ya msingi hadi nilipostaafu mwaka 2020. Bado wananiita Mama Direktrisi. Nimekaa kwenye mabaraza mengi ya ndoa, ila hiki ni kisa ambacho mimi mwenyewe nilianza kukishika vibaya, na hiyo ndiyo sababu moja ya kukiandika.

Watu wenyewe

Mama Mapasa alianza kufundisha mwaka 2013 akiwa NP, yaani mwalimu ambaye Serikali haimlipi kwa kuwa jina lake halimo kwenye listi ya mishahara. Mtu wa nje anaweza kuuliza mwalimu huyo alikula nini. Alikula primu, mchango wa wazazi. Tangu misukosuko ya miaka ya mwanzo ya 1990, mshahara wa Serikali ulipogeuka karatasi, wazazi ndio waliobeba walimu wa Kongo mgongoni, kila mwezi, mtoto kwa mtoto. Ilikuwa mbaya kwa maskini, lakini ilimfikia mwalimu mkononi. Septemba 2019 elimu ya msingi katika shule za Serikali ikawa bure kweli, kama kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilivyokuwa kinasema muda wote huo, na primu ikafa siku moja. Madarasa yakafurika. Mwalimu aliyekuwa kwenye listi alibaki na mshahara wake. NP alibaki na chaki. Mama Mapasa alifundisha hivyo mpaka 2022, jina lake lilipotokea. Sitasahau siku ile. Alikuja kwetu na kuku wawili.

Mwaka 2024 mshahara wake ulikuwa franka 392,000. Dola moja ilikuwa karibu franka 2,800, kwa hiyo mwekee dola 140. Jioni aliwafundisha watoto watano wa jirani wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa wa darasa la sita, na wazazi wao walilipa walipokumbuka.

Baba Mapasa ana mkono mzuri. Milango yake ya chuma na magrili ya madirisha utayaona kuanzia Katuba hadi Kenya, mtaa mwingine wa Lubumbashi, si ile nchi. Ila kazi yake inakula umeme, na mwisho wa kiangazi umeme wetu unakuwa mgonjwa. Mabwawa yanayolisha mkoa, Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, yanangoja mvua kama sisi sote, na migodi iko mbele ya foleni. Mwaka ule hata Zambia ilikuwa gizani. Serikali yao ilitangaza ukame kuwa janga la taifa tangu Februari. Ukame huo ulitugusa pia kwenye sufuria, maana mahindi na unga wa Lubumbashi kwa sehemu kubwa hupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Zambia ikifunga mkono, mfuko wa kilo 25 unapanda, na bukari, yaani ugali, ni ile ile, huwezi kuipunguza maji.

Kuna jambo moja la Baba Mapasa ambalo bila hilo kisa hakieleweki. Yeye ni mtoto wa kambi ya Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali. Baba yake alipata mshahara na mposho: unga, samaki, mafuta, vyote vikipimwa kulingana na ukubwa wa familia. Hospitali ya kampuni. Shule ya kampuni. Katika utoto wake neno "minerval", yaani karo ya shule, halikuwahi kutamkwa mezani, kwa sababu hakuna aliyelipa. Union Minière, kampuni ya madini iliyoitangulia, ndiyo iliyoanza kujenga nyumba za namna hiyo zamani za Wabelgiji, mwanaume akiwa mlango pekee wa kuingizia chakula, na Gécamines ikarithi. Halafu miaka ya 1990 ikaja ilivyokuja. Mwaka 2003 baba yake alikuwa mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka kwa "kuondoka kwa hiari", akiwa na bahasha ya fedha iliyogeuka basi dogo, na basi dogo likageuka chuma chakavu. Lakini picha ya baba anayeleta kila kitu nyumbani haikuondoka na kampuni. Mtoto wake aliibeba hadi kwenye ndoa yake.

Majira ya mahitaji

Sasa weka miezi mitatu hiyo mezani. Septemba ni shule. Oktoba ni joto. Jakaranda zinamwaga maua ya zambarau barabarani na picha zinapendeza, ila chini ya bati watoto 87, wanne kwenye benchi moja, wanalala kwa jasho ifikapo saa tano, na mwalimu anakunywa maji aliyochota saa kumi usiku kabla bomba halijakauka. Oktoba pia ni mwezi ambao hakuna mtu ana fedha, kwa sababu Septemba imekula. Novemba mvua inaanza, na mwenye shamba anataka mbegu na mbolea siku hiyo hiyo, si mwezi ujao. Wao wana kipande kidogo upande wa barabara ya Kipushi. Makala, yaani mkaa, nayo yanapanda bei mvua zikianza, kwa sababu barabara za porini zinaharibika. Ukiangalia mwaka mzima wa nyumba hii, hauna upungufu mkubwa. Ukiangalia wiki kumi hizi, ni shimo.

Na mwaka 2024 shimo lilikuwa mara mbili. Mapasa, msichana na mvulana, walimaliza darasa la sita pamoja, wakafaulu pamoja. Wakiwa shule ya msingi walisoma bure kwenye shule ya mama yao. Bure inaishia darasa la sita. Darasa la saba ni sekondari, na sekondari inalipiwa: dola 75 kwa kila mmoja kwa trimestri ya kwanza, yaani muhula, kabla hujanunua shati moja jeupe. Mwalimu wa shule ya bure, watoto wake wakawa wa kulipia, wawili kwa siku moja, Jumatatu tarehe 2 Septemba.

Mwezi wa Agosti Baba Mapasa alileta nyumbani kidogo sana. Mkewe alimwambia bei ya shule mara moja, jioni, wakila. Akajibu: "Tutaona." Naijua "tutaona" ya wanaume wa Lubumbashi. Kwa kawaida maana yake ni kwamba sina, na usiniulize tena mbele ya watoto.

Hakuuliza tena. Ijumaa ya tarehe 30 Agosti alikwenda kwa mama mmoja wa soko la Kenya na kukopa dola 200. Mkopo wa namna hiyo hapa tunauita banki lamberi. Ni jina la utani tu la riba ya mtaani, halina jengo wala karani. Riba: 30 kwa 100 kila mwezi. Rehani: kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri. Mama yule ana kopo la biskuti lililojaa kadi za walimu, wauguzi na polisi. Mshahara ukitoka, yeye ndiye anayepanda basi kwenda mjini na kadi kumi mkobani, anatoa fedha, anakata chake, anakuletea salio. Ni kazi, na anaifanya kwa usafi kuliko ofisi nyingi ninazozijua. Hajawahi kumwibia mtu hata franka mia.

Dola 150 zikaenda shuleni. Hamsini zikawa mashati, sketi, suruali, jozi mbili za viatu, mabegi na madaftari.

Mwisho wa Septemba mama wa soko alikata dola 60, franka 168,000. Mwisho wa Oktoba tena 60. Zote zilikuwa riba. Deni lenyewe lilikuwa bado limekaa palepale, dola 200, halijapungua hata shilingi, kama wangesema wenzetu wa Tanzania. Mama Mapasa alikuwa anaishi kwa franka 222,000 na kusema nyumbani kwamba Serikali imechelewesha sehemu ya mshahara. Uongo huo ulipita kwa urahisi, kwa sababu mara nyingi ni kweli.

Siku kumi na saba

Turudi kwa mwanaume na simu. Alifikiri nini? Alifikiri ambacho wengi wangefikiri: mtu mwingine ana kadi ya mke wangu na anajua namba yake ya siri. Katika akili yake mtu huyo alikuwa na suruali. Haikumjia kwamba anaweza kuwa mama wa miaka sitini mwenye kitenge na kopo.

Badala ya kuuliza, aliacha kutoa fedha za soko. Ile noti ndogo ya asubuhi, inayowekwa juu ya meza bila maneno, haikuwekwa tena. Mke naye aliona meza tupu akafikiri: umeme hakuna, kazi hakuna, mwanaume ana aibu, nisimguse. Kwa heshima akanyamaza. Akapika sombe, yaani kisamvu, leo, sombe kesho, kapenta kidogo Jumapili. Hebu tazama jinsi ukimya wa mmoja ulivyomfaa mwingine kuthibitisha alichokuwa anakiamini tayari. Mume aliona mke asiyelalamika kwa kukosa fedha za soko, akajiambia: halalamiki kwa sababu kuna anayempa.

Kisha akamweleza kaka yake mkubwa. Hapo ndipo moto ulipopata petroli. Kaka alisema mwanamke wa hivyo anarudishwa kwao, na sheria iko upande wako, Kanuni ya Familia imeandika mume ni mkuu wa nyumba. Imeandika kweli. Lakini kaka, kama wengi wanaoinukuu, alisimama hapo. Kanuni hiyo hiyo ya 1987 inawataka wote wawili kuchangia mzigo wa nyumba, kila mmoja kwa uwezo wake, na mabadiliko ya 2016 yaliondoa ile sharti ya mke kuomba ruhusa ya mume kabla ya kufunga mkataba. Niliishi chini ya sharti hiyo. Mwaka 1989 nilipotaka kufungua akaunti, karani aliniomba barua ya mzee wangu, nami nilikuwa na wanafunzi ambao baba zao hawakujua kuandika barua. Sisemi kwamba mkopo wa kopo la biskuti ni mkataba wa kujivunia. Nasema tu kwamba hakuwa ameiba kitu cha mtu.

Ijumaa ya tarehe 8 Novemba kaka alikwenda shuleni wakati wa mapumziko. Alimwita shemeji yake uwanjani, mbele ya walimu wenzake na watoto waliokuwa wanacheza, akauliza kwa sauti: "Ni nani iko natosha makuta yako ku banki?" Yaani, nani anatoa fedha zako benki? Mama Mapasa hakujibu. Aliingia darasani, akawaamuru watoto wafungue madaftari ya hesabu, akaandika mazoezi ubaoni mpaka kengele. Mwalimu mwenzake aliniambia aliandika maswali 30. Dharau ile ya uwanjani ndiyo iliyomuumiza kupita vyote; deni alikuwa ameshalizoea. Mwalimu wa mtaa ana mshahara mdogo, ila ana jina. Kesho yake wazazi wawili walikuwa wameshasikia.

Jumapili ya tarehe 10 wakaja kwetu, kila mmoja kwa njia yake. Mvua ya kwanza ya kweli ilikuwa inapiga bati, ikabidi tupandishe sauti kusema mambo ambayo husemwa kwa kunong'ona.

Nilipokosea

Swali langu la kwanza lilikuwa: "Mwanangu, kwa nini ulificha?"

Likapoteza saa nzima. Swali la kwa nini linamfanya mtu ajitetee, na anayejitetea hatoi hesabu. Mama Mapasa alilia. Akasema, "Mama Direktrisi, mi siyaiba kitu." Baba Mapasa akatazama mlango. Mzee wangu akaanza kunukuu Waefeso. Tungekaa hivyo hadi usiku, kama mzee asingeishiwa mistari na kuuliza, kwa udadisi tu wa mtu aliyekuwa mhasibu: "Lakini kwani deni ni ngapi?"

Chumba kikabadilika. Nilichukua daftari nikaandika wanayosema, kama tunavyowafundisha watoto wa darasa la nne: tarehe kushoto, kilichoingia katikati, kilichotoka kulia. Ilipofika Agosti 30, Baba Mapasa aliinua kichwa. Hakuwa tena na hofu ya mwanaume mwenye suruali, alikuwa anasoma. Septemba: sifuri upande wake wa kuingiza, isipokuwa dola 25 za geti moja. Na upande wa kutoa, dola 30, likelemba.

Likelemba, kwa ndugu wasioijua, ndiyo upatu. Mafundi kumi wa atelie za jirani walikuwa wanatoa dola 30 kila mwezi tangu Februari, na kila mwezi mmoja anachukua 300. Zamu ya Baba Mapasa ilikuwa ya mwisho, Novemba tarehe 15. Alitaka kununua jenereta ili asiwe mtumwa wa umeme. Haikuwa siri. Mkewe alijua zamu, tarehe na jenereta. Yaani mwezi ambao nyumba ilikopa kwa riba ya 30 kwa 100, nyumba hiyo hiyo ilikuwa na dola zaidi ya 200 zake mwenyewe zimekaa mikononi mwa mafundi wengine bila kuzaa kitu.

"Kwa nini hukumwomba mwenzio abadilishane zamu na mtu?" nilimuuliza mama.

Akasema likelemba ni mambo ya wanaume wa atelie. Angemwomba, angekuwa anamwambia kwamba ameshindwa kulipia shule. Nikamgeukia mume nikamuuliza kama angekubali kwenda kwa wenzake kuomba wabadilishane. Alikaa kimya muda mrefu. "Hapana," alisema. Angalau alisema kweli.

Hapa ndipo mke alipouliza swali ambalo mimi, na miaka yangu yote ya kusuluhisha, sikulifikiria. Hakupandisha sauti:

"Ulionaka bile biatu. Mbili jozi. Uliulizaka makuta ilitoka wapi?"

Baba Mapasa akajibu: "Mi nilizania Mungu njo alisaidia."

Mzee wangu alicheka, halafu akajuta. Lakini mwanaume yule hakuwa anatania. Mwezi ambao yeye hakuleta kitu, aliona watoto wawili wanatoka mlangoni na mashati meupe yenye mikunjo ya dukani, mabegi mapya, viatu vinavyolia, na akaamua kutokujua. Kwa hiyo mimi siandiki tena kwamba mke alificha. Siri hii ilikuwa na washiriki wawili. Mmoja alifunika, mwingine aligeuza uso ili kifunikwe vizuri. Alichokuja kukiita usaliti mwezi wa Oktoba ni ule ule mpango alioukubali Septemba, kwa kunyamaza, kwa sababu ulimhifadhia kiti chake cha baba wa nyumba.

Najua wasomaji wengine watasema nambebesha mwanaume mzigo wa mwanamke aliyekopa bila akili. Mkopo ule ulikuwa mbaya, ndiyo. Nilimwambia hivyo, na sikutafuna maneno. Angekuja kwangu, angekwenda kwa direkta wa sekondari kuomba alipe kwa mafungu. Shule nyingi hukubali, hasa kwa mwalimu mwenzao. Hakwenda kwa sababu ameona mara nyingi mno watoto wakifukuzwa foleni asubuhi kwa ajili ya minerval, na hakutaka mapasa wake wajifunze aibu hiyo wiki ya kwanza. Haikuwa hesabu nzuri. Ila ilikuwa ya mama anayeijua shule kutoka ndani.

Dola mia tatu

Iliyobaki ilikuwa kazi ya penseli. Tarehe 15 zingeingia 300. Mwisho wa Novemba mama wa soko angedai 260: deni na riba ya mwezi wa tatu.

Baba Mapasa alitaka jenereta. Na hoja yake haikuwa ya kijinga, ingawa mzee wangu alitaka kuizima haraka. Alisema: ukilipa deni, utabaki bila deni na bila kazi, na Januari trimestri ya pili inakuja, dola 150 nyingine, na atarudi kwenye kopo lile lile. Ukinunua jenereta, kila siku ya giza naweza kuingiza kitu. Tukapiga hesabu ya petroli. Tukapiga hesabu ya wateja, ambao Novemba na wao wananunua mbolea. Mimi nilisema mvua zimeanza, mito itajaa, jenereta ya Novemba si jenereta ya Oktoba. Yeye akasema mvua zinaangusha nguzo. Kweli pia. Mwishoni tulipima kitu kimoja tu: jenereta ingeweza kuleta fedha, lakini deni lilikuwa lina uhakika wa kuchukua dola 60 kila mwezi. Alikubali, akiwa na uso wa mtu anayeng'olewa jino.

Mimi na mwanamke mwingine wa jumuiya tulikwenda soko la Kenya kuzungumza na mwenye kopo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nikakuta mjane anayelea wajukuu watano, ambaye naye amewahi kudhulumiwa na wadeni waliohama mji na kadi zilizofungwa na benki. Riba yake inanuka, na nilimwambia. Akaniambia: "Mama, ukiwa na mutu wa kumukopesha mwalimu kwa riba ya kidogo, mulete." Sikuwa naye. Tulikubaliana dola 230 badala ya 260 kama zitalipwa kwa mkupuo kabla ya mwezi kuisha.

Jumamosi tarehe 16 zililipwa, Baba Mapasa akihesabu noti mwenyewe. Kwa hiyo dola 200 za Agosti ziligharimu 350 katika wiki kumi na moja. Zile 70 zilizobaki zikawa mbegu na mfuko mmoja wa mbolea. Kadi ilitoka kwenye kopo ikiwa na kipande cha plasta chenye jina, kama chupa ya dawa.

Kaka mkubwa alikuja kwetu wiki iliyofuata kuomba radhi. Nilimtuma akaombe radhi uwanjani wakati wa mapumziko, mahali alipotukana. Alikwenda siku ya mvua kubwa, wakati watoto wote walikuwa ndani na bati linalia kiasi kwamba hakuna anayesikia kitu. Mama Mapasa anasema aliona midomo ikitembea, akakubali hivyo.

Suala la namba mpya ya siri nililiacha kwao. Walikwenda mjini pamoja kuibadilisha, na najua tu kwamba mume alisimama nyuma, nje ya mlango wa mashine, na mke alipotoka hakumwambia namba, naye hakuuliza. Mzee wangu anaona hiyo ni dalili nzuri. Mimi, baada ya viatu vile, kutokuuliza kunanitia wasiwasi kidogo.

Likelemba mpya ya mafundi ilikuwa ianze Februari 2025 na kuisha Novemba. Baba Mapasa alifanya jambo ambalo Novemba 10 alisema asingelifanya: alisimama mbele ya wenzake akasema ana watoto wawili wa kulipia sekondari, kwa hiyo anaomba zamu ya Agosti, kabla shule hazijafunguliwa. Wakacheka atelie nzima. Kati ya mafundi kumi, saba walikuwa wanataka Agosti. Ikabidi wapige kura ya vikaratasi kwenye kofia. Yeye akavuta Juni.

Dola 300 za Juni zingekaa wapi hadi shule zifunguliwe? Mume alisema kwenye akaunti ya mkewe, kwa kuwa ndiye mwenye kadi. Mke alisema hapana, bora wanunue jenereta Juni na wauze milango Julai. Ndiyo, mmesoma vizuri: mume ndiye aliyesema benki, mke ndiye aliyesema jenereta. Walikuwa bado wanabishana sebuleni kwangu nilipoinuka kuwawekea chai.